Kijiti Kutoka Nyuma ya Meru

Siku mama alipokwenda kuona kwao mchumba wangu, alibeba dumu la maji yake mwenyewe. Sisi ni watu wa migomba na kahawa, upande wa Meru unaopata mvua. Kwao ni nyuma ya mlima, mawingu yanakofika yakiwa yameishiwa. Mama alishuka garini, akautazama uzio wa vijiti usio na jani hata moja, akaninong'oneza kwamba kijana ambaye hata ua wake umekufa hawezi kutunza mke.

Mchumba wangu alimwamkia, akamtembeza. Alimweleza kwamba miti ile ya uzio hupukutisha majani wakati wa kiangazi ili isipoteze maji, uhai ukabaki chini ya gome. Mama akaguna tu. Digidigi akakatiza mbele yetu, mama akauliza huwa anakunywa wapi. Akajibiwa kwamba anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa. Umande na majani anayokula vinamtosha.

Mama akanivuta pembeni. "Mtu anayekuambia mnyama hanywi maji," alisema, "atakuambia na mengine."

Nilikasirika, lakini maneno yale yaliniingia. Nikaanza na mimi kumchunguza yule kijana: mbona ana jibu la kila kitu? Tulipoaga, mama alichomoa kijiti kimoja cha uzio, akakitia kwenye kikapu. Kilikuwa ushahidi wa kuwaonyesha shangazi zangu.

Shangazi walikipokezana, wakatikisa vichwa, na posa ikakwama. Mama akakichomeka nyuma ya jiko, akafungia kamba ya kuanikia nguo. Nilikichukia kijiti kile. Kila nilipoanika kanga nilimwona mchumba wangu akinitoka.

Masika ilipoanza, kijiti kikatoa majani. Mama aliniita kwa sauti ya askari, akaniuliza nimekibadilisha lini. Niliapa, hakuniamini. Akakwangua gome kwa ukucha, chini yake kukatokea ubichi wa kijani. Akanusa ukucha. Akakwangua tena mahali pengine, akidhani nimekipaka rangi. Kotekote kilikuwa kibichi.

Alibaki ameinama pale, mvua ikimnyeshea mgongoni, nami nikaogopa hata kukohoa.

"Mwambie alete wazee wake," alisema hatimaye. "Lakini na yeye nitamkwangua."