Safari ya Bakar ya Kupunga Upepo

Watu wa Ole walikuwa na sababu tatu za kusafiri: maziko, harusi, na kupelekwa hospitali. Mtu akionekana njiani na furushi la nguo, wa kwanza kukutana naye alimuuliza nani kafa. Kwa hivyo Bakar bin Masika alipotangaza barazani kwamba karafuu zikimalizika atakwenda Konde, kisha Chake, kutembea tu na kupunga upepo, wenzake walimtazama kama mtu aliyeanza kuugua homa.

Hii ilikuwa miaka miwili mitatu kabla ya vita vya Hitla, na mikarafuu ilikuwa imezaa hata matawi yakainama. Bakar alikuwa mtu wa makamo, mchapakazi, mwenye shamba lake mwenyewe na wake wawili waliokaa ua mmoja, nyumba zikitazamana. Hakuwa mtu mbaya. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, nao ni kwamba hakuweza kabisa kuvumilia kununiwa. Mtu akimkunjia uso, Bakar alikuwa tayari kumwahidi hata mwezi, kisha akaanza kuhangaika namna ya kuushusha.

Mkewe wa kwanza, Mwatima, alizaliwa pale pale Ole. Alikuwa ameolewa naye tangu Bakar hana hata mkarafuu mmoja, wakachuma pamoja mashamba ya watu, na katika kisiwa kilichozungukwa na bahari pande zote mwanamke huyu hajapata kukanyaga mchanga wa pwani. Ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa; wa milimani hufa milimani. Mke wa pili, Moza, alitoka Micheweni. Huyo alikulia majini, na tangu aletwe bara ya mikarafuu alikuwa akisema kwamba bila mawimbi masikio yake hayasikii kitu.

Safari yenyewe ilizuka kwa Himid, kaka yake Mwatima, dereva wa gari la mfanyabiashara mmoja wa Konde. Himid alipita Ole kila mara kuchukua magunia, na siku moja akamwambia Bakar, "Shemeji, watu wa Unguja siku hizi wanatembea. Nawe njoo kwangu upumzike. Chumba kipo."

Kimoja. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Chumba kilikuwa kimoja, na karafuu za mwisho zilikuwa bado juu ya majamvi uani, na mvua za vuli hazipigi hodi. Ilikuwa lazima mke mmoja aende na mmoja abaki kuziangalia, kuzianika na kuzianua.

Mtu mwingine angeanza na hilo. Bakar alianza na starehe. Alikuwa juu ya mkarafuu huku Moza akichambua chini, akamwona amenuna, basi akaanza kumpangia safari kutoka tawini. Siku ya kwanza wangelala Konde. Siku ya pili wangepita msitu wa Ngezi kwa punda mpaka Vumawimbi, kwenye mchanga mweupe usio na mwisho, wakale samaki hapo hapo. Baadaye gari lingewateremsha Wete, kisha Chake, waone ngome kongwe na maduka, na kutoka Chake wafike Pujini kwa siku moja, kwenye magofu ya Mkama Ndume na kisima chake.

"Na nani?" Moza aliuliza, mikono imesimama.

"Na weye, nani tena?"

Moza akacheka. Bakar alijisikia mwepesi hata aliposhuka mtini akasahau kikapu juu. Wepesi ule haukufika magharibi. Alipoingia kwa Mwatima, ambaye siku ile ilikuwa zamu yake, alimkuta anakuna nazi na kujiimbia, na bila kugeuka akamwambia, "Himid kanambia, Baba Ame. Ati tutafika hata Vumawimbi. Mie 'ntavua viatu, uniwache nikae na miguu yangu majini mpaka nichoke."

Bakar akasema, "Inshallah," neno ambalo limewaokoa waoga wengi tangu dunia iwe dunia.

Tangu hapo hakuwa na raha. Alikuwa akipanga safari upya kila siku: pengine mmoja aende Konde na mwingine Chake, pengine aende mara mbili, pengine augue. Alipomwona Himid kwa mbali alijificha kwenye banda la makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa. Alikuwa akiwaza uso wa shemejiye siku gari likisimama na mgeni anayepanda akawa si dada yake. Na usiku alikumbuka waliyofundishwa utotoni chuoni, kwamba mwenye wake wawili akamwegemea mmoja, Siku ya Kiyama atafufuliwa upande mmoja umeinama. Mara kwa mara alijinyoosha bega la kushoto, kuhakikisha.

Mwisho akaenda kwa Mwalimu Msellem, imamu wa msikiti wao, akamweleza jambo hilo kama la mtu mwingine.

"Huyo mtu hana haja ya kuhangaika," Mwalimu alisema, akijua vizuri huyo mtu ni nani. "Safari ya kutembea ina hukumu yake. Apige kura baina ya wakeze. Atakayetokewa na kura ndiye msafiri, na wa pili hana la kudai. Ila aipige kwa haki."

Bakar alirudi nyumbani anapumua. Kura. Hapo si yeye atakayekuwa amechagua. Mungu ndiye atakayekuwa amechagua, na Mungu hanuniwi. Lakini alipofika kwenye mgomba wa mwisho kabla ya ua wake, wasiwasi ukamrudia kwa mlango mwingine. Kura ikimtokea Mwatima, atamwambia nini Moza, ambaye keshamwahidi kwa kinywa chake? Na, aseme kweli, yeye mwenyewe alitaka kwenda na nani? Alilijua jibu. Alilijua tangu yuko juu ya mkarafuu, na aliona haya kulijua.

Basi akapinda njia akaenda kwa Bi Kazija.

Bi Kazija alikuwa jirani yao, kikongwe mwenye mtoto wa jicho, ambaye kura zote za mtaa, za urithi na za upatu, zilitolewa na mkono wake kwa sababu haoni anachokishika. Desturi ilikuwa kila mke atoe pete yake mwenyewe, pete ziwekwe juu ya sinia na kufunikwa kawa, na Bi Kazija apitishe mkono chini ya kawa atoe moja.

"Bi Kazija," Bakar alisema, sauti imemshuka, "ya Mwatima ni ya fedha tupu, haina kitu. Ya Moza ina kijiwe. Ukipapasa utakijua."

Kikongwe alitafuna tambuu yake kwa muda mrefu.

"'Nshakusikia, mwanangu," alisema.

Kura ikapigwa baada ya alasiri, uani, harufu ya karafuu imejaa kila mahali. Bakar aliwekwa barazani na kuambiwa ageuze uso, kama ilivyo ada, wake zake wakaweka pete zao. Alisikia fedha ikigonga sinia, mara moja, kisha mara ya pili. Alijiambia kwamba baada ya hapa atamnunulia Mwatima kanga nzuri, atampeleka pwani mwakani, atampeleka hata Unguja. Kisha akaambiwa ageuke.

Bi Kazija alipiga bismillahi, akapitisha mkono. Alipapasa. Mkono ukatoka umefumbwa, ukafumbuka, na juu ya kiganja pakawa na pete yenye kijiwe chekundu.

Bakar alishusha pumzi, na akatabasamu. Alijaribu kulizuia lile tabasamu lakini lilikuwa limekwisha fika. Akamgeukia Moza.

"Yangu," alisema Mwatima.

Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu asiyeamini, akanyoosha mkono kuichukua. Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Siyo," Bakar alisema. "Hiyo si ya Mwatima. Hiyo ya kijiwe ni ya Moza."

Ni Moza aliyejibu, polepole, akimtazama mumewe kama anayesoma.

"Ilikuwa yangu. Kijiwe kilikuwa kikininasa kwenye matawi, tukabadilishana na da Mwatima. Tangu mwanzo wa msimu." Akainua vidole vyake. "Tangu mwanzo wa msimu, Bwana, na hujaona vidole vyetu. Leo wacheka kabla hatujasema; waijua vipi pete ya kutoka?"

Msimu mzima Bakar alikuwa amekula kutoka mikono ile. Alimtazama Bi Kazija, na Bi Kazija alikuwa amegeuzia uso wake kwenye majamvi, anatafuna. Njia ya mwongo fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote. Ilitoka barazani ikaishia uani.

Mwatima alikuwa bado ameshika ile pete. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira, Bakar angejua la kufanya, kwa maana hasira aliizoea kuibembeleza.

"Baba Ame," alisema, "nlikuona ulivyocheka ilipotoka, na nlikuona uso wako niliposema yangu. Mie nshafika Vumawimbi na nsharudi. Safari yangu nampa mwenzangu. Nenda naye."

Hapo ndipo Bakar alipoingiwa na huzuni ya kweli, si woga tena. Alimkumbuka Mwatima kijana, juu ya ngazi ya shamba la watu, akimrushia vishada vya karafuu na kumwambia achambue upesi. Alitaka kumwambia kwamba anaikumbuka ngazi ile. Badala yake alimtazama Moza, kuona kama naye amekasirika.

"Mie siendi," Moza alisema.

"Si umepewa?"

"Nimepewa. Lakini uso uliomwonesha da Mwatima leo, utanionesha mie kesho, akija wa tatu. Siendi na weye."

Asubuhi Himid alifika na gari, akapiga honi njiani. Bakar alitoka hajavaa nguo za safari, akijiandaa kusema kwamba safari imevunjika, karafuu hazijakauka, yeye anaumwa. Aliwakuta wake zake wawili wamesimama mbele ya baraza, wamevaa kanga za sare alizowanunulia Sikukuu, furushi moja baina yao. Bi Kazija, aliyetakiwa awasindikize, alikuwa amekwisha pakiwa mbele, kando ya dereva.

"Tunaomba ruhusa," Mwatima alisema. "Tunakwenda kwa kaka yangu. Chumba kimoja kinatutosha siye. Siku ya pili Vumawimbi, halafu Wete, halafu Chake na Pujini, kama ulivyopanga."

Himid alimtazama shemejiye kutoka nyuma ya usukani, na uso ule Bakar aliokuwa akiuogopa wiki zote ulikuwa pale pale, tena bila hata kununa. Ulikuwa unamwonea huruma.

"Na karafuu?" Bakar aliuliza.

"Si upo," Moza alijibu.

Akatoa ruhusa. Angefanyaje? Gari likaondoka, akabaki na majamvi.

Siku zile Bakar hakuketi. Kila wingu lilimtoa ndani. Alianua karafuu jua likiwaka na kuzianika mvua ikinukia, akapika wali ukaungua, na watu waliopita njiani walimuuliza wake zake wamekwenda kumzika nani. Lakini si mvua iliyomnyima usingizi. Alikuwa akihesabu kichwani walipofika. Leo wapo kwenye mchanga. Leo wapo Chake. Leo wameketi Pujini, kwenye kisima kile ambacho wazee husema Mkama Ndume alikijengea ukuta katikati ili wakeze wawili wasionane wakiteka maji. Wanasemaje juu yangu? Aliwaza kwamba wanacheka, ikamuuma. Kisha akawaza kwamba pengine hawamtaji kabisa, na hilo likamuuma zaidi.

Walirudi jua linateremka, wameungua nyuso, pindo la kanga ya Mwatima bado lina mchanga wa pwani. Walikuwa wanazungumza wote wawili kwa pamoja, na walipoingia uani wakanyamaza. Wakamwamkia kwa adabu. Wakamuuliza habari za karafuu. Moza akawasha moto, Mwatima akapakua, chakula kikaletwa barazani kama siku zote, samaki wa Chake mkubwa na mtamu.

Bakar alikula akingoja. Magharibi ilikuwa imeshaswaliwa, na zamu ilikuwa ya Mwatima, au labda ya Moza; zile siku walizokosekana zilikuwa zimemvurugia hesabu. Milango miwili ilikuwa wazi, taa ndani ya kila nyumba.

"Mama Ame," aliita mwishowe, "leo nalala wapi?"

Mwatima alitoka mpaka kizingitini. Moza naye alitoka kwake.

"Popote upendapo, Baba Ame," Mwatima alisema. "Hatujakufungia. Siye sote twajua utakako. Weye tu ndiye uliyekuwa hujui kuwa twajua."

Kila mmoja akarudi ndani kwake. Bakar alibaki barazani, sahani imeshapoa, akijua kwamba mlango wowote atakaouingia, mwenye nyumba hatanuna.