Kidumu cha Leobardo

Eduviges amezeekea kwenye pampu ya mafuta pale Sonoyta, mji wa Meksiko unaopakana na Arizona. Mshahara hana, anaishi kwa bakshishi za madereva, na kwa bakshishi hizo alimlea mwanawe Leobardo peke yake, hadi kijana akavuka mpaka na kupata kazi nzuri huko.

Krismasi hii Leobardo alikuja na gari jipya. Siku ya kurudi aliegesha mbele ya pampu ya mama yake, akafungua buti, akatoa kidumu cha petroli alichojaza Arizona na kuanza kumimina kwenye tangi.

"Mafuta yenu machafu, mama. Yataniulia injini."

"Hayo machafu ndiyo yaliyokulisha, we mtoto!"

"Usianze, mama. Watu wanatutazama."

Eduviges akachukua kitambaa, akamfutia kioo cha mbele kama anavyomfutia kila dereva. Leobardo akawasha gari, akashusha dirisha na, bila hata kumtazama, akamtilia sarafu kiganjani.

Eduviges akaipokea.

"Asante, bosi," akasema. "Karibu tena."