Ringi Alizozichuna Methodius

Methodius sijamsamehe, na padri aniache. Alimwita mume wangu mwizi wa oili mbele ya kijiji kizima cha Kituntu.

Yustus wangu alikuwa anatunza injini ya mashine ya kukoboa kahawa, mwaka wa hamsini na tatu. Mpole mpaka anakera. Shule hakuijua, lakini injini ikikohoa anajua inaumwa wapi.

Fundi alikuwa Methodius. Ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazozuia oili isipande ikaungua, zikachakaa, zikaletwa mpya kutoka Bukoba, zimepakwa kromi, zinang'aa. Sasa sisi huku bangili za mnadani zilishatutia adabu: unanunua inang'aa, unaisugua na mchanga, ndani bati tupu. Methodius akasema, "Mng'aro huu wa kuuzia tu." Akapiga tupa, tupa ikateleza. Akaleta jiwe la kunolea panga, akasugua siku mbili. Kitu kimeshinda tupa, wewe hujiulizi?

Yustus akamwambia, "Fundi, labda huo ndio ugumu wenyewe."

"Wewe pangusa injini, bwana!"

Miezi mitatu haijaisha, injini inatoa moshi wa bluu, oili inakauka. Methodius akawaambia watu, "Muulizeni mke wa Yustus anakaangia nini." Wakacheka. Tajiri mwenye mashine akamfukuza Yustus. Akawa kibarua wa kupalilia migomba ya watu, nami kisimani naulizwa, "Mama Dafroza, mboga ya leo ina oili ya injini?" Yustus kaondoka, oili bado inaisha, na hakuna aliyefungua mdomo!

Msimu wa pili injini ikazimika kabisa. Tajiri akamwita Abdallah, fundi wa malori wa Omurushaka. Siku hiyo foleni ya kahawa ilikuwa ndefu, nami nimo na kikapu changu. Abdallah akafungua injini, akatoa ringi, akazigeuzageuza.

"Nani kazikwangua hizi?"

"Mimi," Methodius akasema. "Nilitoa ile rangi."

"Rangi? Hiyo ndiyo ngozi yake, bwana wee! Umeichuna, ringi zinalika, oili inapita inaungua. Ulitaka ikae wapi?"

Nikatua kikapu.

"Methodius, mwizi wa oili ni nani?"

Akatazama chini. "Mama, tutaongea nyumbani."

"Uliniongelea nyumbani wewe?"

Akanong'ona, "Yustus hakuiba."

Nikamwambia arudie, wa nyuma hawajasikia. Akarudia.