Siku ya Kuonyeshwa Boti ya Kasi

Nikisoma gazetini kwamba zinapangwa boti mpya za kasi za kubeba abiria kando ya ziwa, kutoka Jinja hadi visiwa vya Buvuma, Port Bell na Entebbe, mate hunijaa kinywani, na si mate ya uchu. Mpango huo haufi. Hulala miaka miwili mitatu, kisha huamka umebadilishwa shati: mara boti zitatoka Ulaya, mara zitaundwa hapa hapa, mara kila kitu kiko tayari isipokuwa saini moja. Picha ni ile ile, boti nyeupe yenye pua kali inayopasua maji ya buluu. Aliyeichora hakuwahi kusimama kwenye gati letu miaka ya tisini.

Wakati huo nilikuwa askari magereza Jinja, nikikaa Walukuba kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyojengewa wafanyakazi wa viwanda ambavyo vingi vilikuwa vimeshafungwa. Ghuba nzima ilikuwa imezibwa na magugu maji. Kwa mbali yalipendeza, majani mabichi na maua ya zambarau, na wageni waliyapiga picha. Ukikaribia, harufu ilikupiga usoni: samaki waliooza, matope, mikojo ya mji mzima iliyokosa pa kwenda. Chini ya majani kulikuwa na nyoka na konokono wa kichocho. Wavuvi wa Masese walihangaika asubuhi nzima kusukuma mtumbwi mpaka kwenye maji wazi, na wengine walirudi bila kuufikia.

Katika hali hiyo ndipo kampuni moja ikaja kutuambia habari za boti za kasi. Msemaji wao alikuwa mtu mnene wa suti ya rangi ya krimu, kitambaa puani muda wote. Alitaka gati na njia ya kuingilia visafishwe, kwa sababu boti moja ya mfano ingeletwa kutoka upande wa Kenya, na mgeni rasmi kutoka Kampala angepandishwa mbele ya watu. Nani asafishe? Alimtazama mkubwa wetu wa gereza, mkubwa akanitazama mimi, na mimi nikawatazama wafungwa. Jambo likaishia hapo.

Lakini mkubwa aliongeza kitu. Aliniagiza niwaambie wafungwa kwamba watakaofanya kazi vizuri, majina yao yataandikwa kwenye orodha, na siku hiyo mgeni rasmi atasamehe kifungo kilichobaki. Niliwapanga mistari miwili nikawaambia. Niliwaambia kwa sauti ya mtu mwenye ufunguo mfukoni, na sitasahau jinsi nilivyoifurahia sauti yangu.

Miongoni mwao alikuwa mkulima wa Busiu, kwetu Bugisu, Mmasaba mwenzangu, mtu wa makamo aliyefungwa kwa kumpiga jirani kwa mpini wa jembe wakigombania mpaka wa shamba. Alikuwa amebakiza miezi michache. Siku ya kwanza ya kazi, maji yakiwa kiunoni na mkono umejaa mizizi inayonuka, alinisogelea.

"Afande, hii maneno ya kutoka, ni ya kweli?"

"Ni ya kweli. Mkubwa amesema."

"Mtoto yangu iko na jando mwezi ya nane. Mimi nataka simama mbele yake. Hiyo tu, afande."

"Utasimama," nilimwambia.

Asiyetoka Bugisu aelewe uzito wa neno hilo. Kwetu kijana hatahiriwi amelala wala amefichwa. Hucheza siku tatu akizungushwa kwa ndugu na wajomba, amepakwa unga wa ulezi mwili mzima, na siku ya mwisho husimama wima uani kwa baba yake, fimbo mabegani, watu wote wakimtazama. Kisu kinapita, naye haruhusiwi kutikisika wala kupepesa jicho. Akitikisika, atasemwa kwenye kila kilabu cha pombe mpaka azeeke, na watoto wake watasemwa pia. Kwa hiyo baba husimama pale ambapo kijana ataweka macho. Mkulima yule hakuomba zaidi ya hapo.

Wiki hiyo nilikwenda Mbale kumwona mama yangu, na njiani nikashuka Busiu. Sikutumwa. Nilitaka tu kuwa mtu anayeleta habari njema. Mke wa mkulima alinisikiliza amesimama, mikono kiunoni, kisha akaniuliza kwa lugha yetu, "Nyinyi watu wa serikali, mkisema jambo, huwa?" Nikamwambia huwa. Nikamtajia siku ya boti, Jumatano, nikasema Alhamisi mumewe atalala nyumbani. Akasema basi kijana ataanza kucheza Jumatano hiyo hiyo na kutahiriwa Ijumaa, baba yake akiwepo. Alinichinjia kuku. Nilimla wote, hata firigisi ambayo mwenye nyumba hupewa, na nikashukuru.

Kazi ilichukua siku kumi. Wafungwa waliyakata magugu kwa panga, wakayavuta kwa kamba, wakayasukuma nje kwa miti mirefu. Walitoka vipele, wakajikuna mpaka damu, na mmoja aling'atwa na kitu mguuni ukavimba kama mtungi. Msemaji wa kampuni alikuja kila baada ya siku mbili, akasimama juu ya gati na kitambaa chake, akasema, "Vizuri, vizuri." Hakuleta hata sabuni.

Mama mmoja mkaanga samaki wa Masese, Mwislamu aliyezaliwa pale pale ufukweni, alinivuta pembeni siku moja.

"Afande, upepo ya asubuhi naondoa hii takataka. Ya mchana narudisha. Mgeni yenu akikuja asubuhi, sawa. Akikuja mchana, nyinyi nacheza tu."

Nilimpelekea msemaji maneno hayo. Alicheka, akanionyesha ratiba iliyopigwa chapa vizuri: mgeni rasmi kuwasili, saa tatu asubuhi. Nikaridhika, kwa kuwa ilikuwa imepigwa chapa.

Jumatano kulipokucha, ghuba ilikuwa safi. Nasema kweli, kwa mara ya kwanza baada ya miaka niliona maji ya Jinja. Wafungwa walipewa kaptura na fulana mpya, wakapangwa kando ya gati, na mkulima wangu alikuwa amenyoa ndevu kwa kipande cha wembe. Mkubwa alikuwa na orodha mfukoni mwa shati. Saa tatu ikafika, ikapita. Nilipozunguka nyuma ya hema niliona wanawake waliokodiwa kupika pilau wamekaa wakipiga soga, sufuria ni baridi, kuni hazijawashwa hata moja. Nikauliza vipi.

"Mgeni ya saa tatu nakula saa kumi," mmoja alinijibu bila kunitazama. "Afande, wewe mgeni hapa?"

Wapishi walijua. Wapiga ngoma walijua, ndiyo maana walikuwa hawajafika. Kila mtu katika nchi hii anajua kwamba saa ya kwenye ratiba ni ya kuwakalisha watu vitini, na mkubwa huja anapopenda. Sisi pekee, mimi na wafungwa, ndio tulioisoma ile karatasi kama amri. Upepo haujui mkubwa. Saa saba uligeuka, na magugu yakaanza kurudi, kwanza vipande vipande, halafu kisiwa kizima. Niliwarudisha wafungwa majini na fulana zao mpya. Walisukuma kama wendawazimu. Kufika saa tisa ghuba ilikuwa kijani kutoka ukingo hadi ukingo, na ile harufu imekaa na wageni waalikwa kwenye viti vya mbele.

Mgeni rasmi aliwasili saa kumi, pilau ikiwa ndiyo kwanza inaiva. Boti ya kasi ikaonekana mbali, nyeupe kweli, pua kali kweli, ikaja inalia. Ilipoingia kwenye magugu ililia tofauti, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi na kusimama. Ndani yake walikuwa watu sita wa tai. Wafungwa wakaingia mpaka shingoni, wakafunga kamba, wakaivuta ile boti ya kasi mpaka gatini, kwa mwendo wa ng'ombe mgonjwa. Watu wa tai hawakutazama chini. Mmoja alikuwa akifuta viatu vyake.

Mgeni rasmi hakupanda. Alihutubia kwa kifupi na kwa hasira. Alisema boti zitakuja tu, maendeleo hayazuiliki, ila ameona kwa macho yake kwamba wafungwa wa hapa ni wavivu na wanahitaji kazi zaidi. Watu wakapiga makofi. Halafu akala. Nilimwendea mkubwa, nikamwonyesha mfuko wake kwa macho. Akanung'unika kwamba si siku ya kumkumbusha mtu yule habari za wafungwa, kampuni itarudia maonyesho wiki ijayo, orodha itasomwa wakati huo. Na mimi, mjinga wa kupindukia, nikakubali tena.

Nilipaswa kwenda Busiu kesho yake. Nilijua kuna mwanamke anapika pombe ya ulezi kwa ajili ya neno langu. Sikwenda. Niliona aibu, na aibu ile nikaiita kazi. Ijumaa nikasema labda. Jumamosi nikasema labda. Jumapili mkubwa alinitamkia wazi kwamba hakuna wiki ijayo, msemaji amekwisha kurudi kwao, ndipo nikaomba ruhusa na kupanda gari alfajiri ya Jumatatu, nikiwa na sare ili nisilipe.

Familia ilikuwa imengoja. Kijana alicheza Jumatano mpaka Ijumaa, na kwa kuwa askari wa serikali alisema baba anakuja, wakamchezesha Jumamosi, wakamchezesha Jumapili. Miguu ilivimba, sauti ikakauka. Jumatatu asubuhi wazee walikataa kungoja tena. Uani kwao kunaonekana kutoka barabarani. Gari lililonileta lilisimama, nikashuka, na nikaona umati, na katikati yake kijana mweupe kwa unga, fimbo mabegani, mtahiri amekwisha kuinama. Kijana alisikia gari. Akageuza kichwa kutazama nani anashuka, na mwili ukafuata kichwa.

Nilisikia watu wakiguna. Sauti ile bado ninayo masikioni.

Mke wa mkulima alikuja mpaka barabarani. Hakunitukana, bora angenitukana. Aliniuliza, "Yuko wapi?" Nikamwambia hajaachiwa. Akaangalia sare yangu kutoka kofia mpaka viatu, akarudi kwa mwanawe.

Nilirudi Jinja siku hiyo hiyo, sikufika hata kwa mama. Mkulima nilimkuta kwenye maji, maana mkubwa alikuwa ameamua wafungwa waendelee kusafisha gati, kwa vile walisemwa ni wavivu. Aliponiona aliacha kuvuta magugu, akanisogelea.

"Afande, umeona yeye?"

"Nimemwona."

"Nasimama?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema ukweli. Nikasema, "Alisimama."

"Hakutikisika?"

"Hata kope."

Alicheka, akayapiga maji kwa viganja viwili, akawaita wenzake akawaambia, nao wakampongeza wakiwa wamesimama kwenye ule uoza. Alimaliza kifungo chake siku kwa siku, hakusamehewa hata moja. Asubuhi ya kutoka, mimi ndiye niliyekuwa zamu getini. Kwa vijisenti vya kazi ya gerezani alikuwa amemnunulia kijana wake shati, amelikunja ndani ya gazeti. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, yenye makovu ya vipele mpaka kwenye viwiko, akasema, "Asante, afande. Wewe ndiyo ilikuwa macho yangu." Nikamfungulia geti, nikamwacha aende nyumbani.