Mbao Mbili Ndani ya Mfereji

Leo jirani anapasua mbao mbichi, na harufu yake imenikumbusha mbuzi. Ngojeni, nitafika. Nilipokuwa mutoto kule Kabambare tulikuwa na mbuzi mwenye roho mbaya, alikula mihogo yote nyuma ya nyumba. Basi mama akahamishia shamba ng'ambo ya mfereji, kwa sababu mbuzi huogopa maji.

Siku moja akaja mwosha dhahabu kutoka Lusangi, na mbao mbili mbichi begani. Alitaka kuubana mfereji palepale penye shamba letu, ili maji yapate nguvu ya kuosha mchanga wake. Mama akashika jembe.

"Wee baba, ukiibana maji itapanda! Mihogo ikioza, watoto wangu watakula mbao zako?"

"Haitapanda, mama."

Mama hakumwamini. Akaanza kung'oa mihogo ambayo haijakomaa. Alikuwa ameng'oa shina moja tu, mgeni akasimamisha mbao zake, moja huku, moja kule.

Nikaingia ndani ya mfereji. Palipo papana maji yalinifika magotini, yakitembea polepole. Kati ya zile mbao yalishuka mpaka nusu ya muundi, yamenyooka kama kamba iliyovutwa, na nusura yaniangushe.

"Mama, imepungua!"

Mama akainama kutazama. "Sasa ingine imeenda wapi?"

"Haikuenda popote, mama," mgeni akasema. "Iko inakimbia."

Alipomaliza kuosha, mama akamwita akule ule muhogo mumoja, ameshauchoma.

"Nakuja," akajibu. Akashika njia ya Wamaza, mbao zake akaziacha, na hakurudi.