Chai ya Mchaichai Niliyoitema

Tangu Jumamosi sipati usingizi. Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia sokoni Kasulu.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ananijaribu: nikiwafundisha kina mama somo moja la afya wakalielewa, nafasi ya msaidizi wa zahanati ni yangu. Shule sikuendelea, yote nimeyasoma peke yangu, na naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa nyoka. Nikachagua mchaichai. Nikaeleza kwamba majani yake yana mafuta yaitwayo sitrali, ndiyo yanayonukia limau, na kwamba wengi hunywa chai yake kutuliza tumbo. Nikawamiminia, mwenyekiti akiwa ameketi mbele yangu. Halafu, ili niwe sahihi kabisa, nikaongeza: "Sitrali ni kemikali."

Hakuna aliyegusa kikombe. Kwetu kemikali ni ile sumu ya wadudu ya kupulizia kahawa.

"Mwalimu," akauliza Mama Yohana, mkulima wa Nyakitonto, "mbona wewe hujaionja?"

Roho ikaniruka. Kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza, wageni waone hakina sumu. Mama alinifundisha hilo kabla sijajua kusoma, na mimi, bingwa wa sitrali, nimelisahau! Nikanyakua kikombe nikabugia funda zima.

Chai ilikuwa imeepuliwa sasa hivi. Niliitema yote kwenye shati la mwenyekiti.

"Hata mwenyewe imemshinda!" akapiga kelele Mama Yohana, akiwa tayari mlangoni. "Jamani, kimbieni!"