Udongo Ulioteremka Bila Kuaga

Juzi, nikingoja muhuri katika ofisi ya kijiji chetu huku Kongwa, nilishuhudia kesi ya udongo. Binti mtaalamu, aliyewahi kuja kuchota udongo mashambani, alileta majibu. Akaeleza kwamba ipo mionzi ya asili, kidogo tu, inayoshuka na mvua na kung'ang'ania udongo wa juu. Ukiipima, unajua udongo umetoka wapi na umetua wapi.

Jirani yangu mjane, ambaye mtama wake kule mlimani umedumaa mpaka kuku anauchungulia kwa juu, akasimama.

"Sasa udongo wangu uko wapi?"

Binti akaigusa ramani kwa kalamu. "Mwingi uko bondeni, mama. Kwa huyu baba."

Huyo baba ni shemeji yake, mdogo wa marehemu.

Mjane akamgeukia mwenyekiti wa kijiji. "Mwenyekiti, mwandikie barua aurudishe!"

"Njoo na debe, shemeji," akajibu yule bwana, akijipapasa tumbo. "Ila uuchambue vizuri, usije ukanibebea na wangu."

Binti akauliza taratibu, "Mama, matuta yako umeyaelekeza wapi?"

Mjane akanyoosha mkono, ukateremka moja kwa moja toka begani mpaka gotini. Ofisi nzima ikacheka. Nami nilicheka, ingawa ya kwangu yanaelekea huko huko. Mwizi tunamtafuta kwa jirani, na njia tumemlimia wenyewe.

Kesho yake mjane alikuwa shambani na jembe, anakata matuta ya kukingama mteremko. Shemeji yake kasimama bondeni, mikono kiunoni, anapaza sauti:

"Shemeji! Sasa ndiyo unaninyima?"